Daktari Aliyezaliwa Kigali



Safari hii nitazungumzia televisheni. Najua baadhi ya wazee wetu watashangaa, hasa wale walionisikia nikilalamika kwamba vijana wanachelewa masifu ya jioni kwa sababu ya tamthilia. Nawaomba wanivumilie hadi mwisho, kisha wanihukumu.

Waingereza wanayo hadithi moja ya kubuni ya kisayansi iitwayo Doctor Who. Shirika la BBC lilianza kuionyesha Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa kule Dallas. Majuma mawili na siku chache baadaye, tarehe 10 Desemba, Zanzibar ilipata uhuru wake, na Kenya ikafuata tarehe 12. Sisi wa Tanganyika tulikuwa na uhuru wa karibu miaka miwili, lakini televisheni hatukuwa nayo. Zanzibar ilianzisha yake mwaka 1973, tena ya rangi. Bara tulingoja hadi mwaka 1994, zilipoanza stesheni binafsi, ITV ikiwa mojawapo. Mwaka huo wa 1994 naomba muuweke akilini, kwa maana nitaurudia.

Mhusika mkuu wa hadithi hii huitwa Daktari tu, jina lake halisi halitajwi. Ametoka sayari ya mbali iitwayo Gallifrey, ana mioyo miwili, na husafiri katika nyakati zilizopita na zijazo ndani ya kibanda cha bluu, mfano wa vile vibanda vya simu vya polisi vilivyokuwa mitaani Uingereza zamani. Kwa nje kibanda hicho ni chembamba kama choo cha uani, bali ukiingia ndani unakuta nafasi isiyo na mwisho. Watu wa Vingunguti hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Tunavyo vibanda umiza vyetu vya mabati, ambavyo kwa nje huwezi kuamini vinaweza kupokea watu ishirini, na ndani yake vijana wetu wamekwisha kufika Hong Kong, Lagos na Manchester bila kuvuka Barabara ya Nyerere.

Wanaostahili sifa kwa uhai mrefu wa hadithi hii ni watu waliopatwa na shida na kuitafutia dawa. Mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alidhoofika kiafya mwaka 1966. Badala ya kuifunga kazi, watayarishaji walibuni kwamba Daktari, anapokaribia kufa, mwili wake hugeuka, akainuka mtu mwingine wa sura na tabia nyingine, lakini mwenye kumbukumbu zilezile. Patrick Troughton akaingia, na baada yake wengine wengi. Mkatekista wetu mmoja aliniuliza kama huo si mzaha juu ya Ufufuko. Nilimjibu kwamba sioni mzaha: aliyefufuka kweli alibaki na alama za misumari mikononi, ilhali Daktari hubadilishwa mpaka meno. Ni ubunifu wa ofisi iliyokuwa na mwigizaji mgonjwa, tena ubunifu wa busara.

Kila muongo umekuwa na sherehe yake. Msimu wa kumi ulifunguliwa kwa hadithi iliyowakutanisha Madaktari watatu. Mwaka 1983, katika kutimiza miaka ishirini, walialikwa watano. Tom Baker, aliyekuwa maarufu kuliko wote, alikataa kuigiza katika ile ya 1983. (Huyu Baker ana kisa chake: alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano aliingia utawa, akawa mnovisi wa mabruda kwa miaka kadhaa kabla ya kuacha. Nimewahi kuwaambia waseminari kwamba si kila anayetoka nje ya lango la nyumba ya malezi amepotea.) Alikuja kuonekana tena tarehe 23 Novemba 2013, hadithi ilipotimiza miaka hamsini, akiwa mzee wa miaka 79, kwa dakika chache tu mwishoni mwa filamu. Toleo hilo maalumu, The Day of the Doctor, lilionyeshwa kwa wakati mmoja katika nchi 94 na kuandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness.

Katika toleo hilo la miaka hamsini Daktari anakabiliwa na swali zito. Vita kuu imeifikia sayari yake, na yeye ameshika silaha ya mwisho, silaha iliyotengenezwa kwa ustadi mwingi mno hata ikaota dhamiri na kumhoji anayetaka kuitumia. Akiifyatua, vita vitakwisha, lakini watu wake wote watateketea, na miongoni mwao watoto bilioni 2.47. Silaha inamwonyesha nafsi zake mbili za baadaye: mmoja aliyeihesabu idadi ya watoto hao, na mwingine aliyejitahidi kuisahau. Mpaka hapo mwandishi Steven Moffat amenishika. Lakini kisha Madaktari wote wanakusanyika, wanaificha sayari mahali pa salama, na inadhihirika kwamba wale watoto hawakufa kamwe.

Hapo, wapendwa, sikubaliani naye. Naelewa kwamba sherehe hutaka furaha, na watoto wa Kiingereza walikuwa wameketi na keki zao. Hata hivyo ziko nchi jirani na yetu ambako watoto walihesabiwa, na hakuna kibanda cha bluu kilichorudi nyuma kuwaficha. Ndiyo maana toleo la miaka sitini, la mwaka 2023, lilinigusa zaidi, ingawa wajuzi wa mambo hayo huliweka chini ya lile la 2013.

Mwezi Mei 2022 BBC walitangaza kwamba Daktari mpya atakuwa Ncuti Gatwa. Kijana huyu alizaliwa Nyarugenge, mjini Kigali, tarehe 15 Oktoba 1992. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994 alikuwa hajatimiza miaka miwili. Familia yake ilikimbia, ikapata hifadhi Scotland, akalelewa Edinburgh na Dunfermline, akasomea uigizaji Glasgow. Ndiye mwigizaji wa kwanza mweusi kuubeba mfululizo huo akiwa mhusika mkuu. Wamarekani walitangulia kutukumbuka kwa namna yao: katika Star Trek, mwaka 1966, walimpa afisa wa mawasiliano jina la Uhura, lililotokana na neno letu uhuru, na katika kipindi cha kwanza kurushwa hewani mtu anasikika akimsemesha Kiswahili angani. Lakini Uhura alikuwa jina lililobuniwa na waandishi. Gatwa ni mtoto wa kweli aliyebebwa na mzazi wa kweli kuvuka mpaka, na sasa alikuwa akiigiza mkimbizi wa kubuni, ambaye kwa miaka mingi, tangu mfululizo ulipofufuliwa mwaka 2005, alisemekana kuwa wa mwisho wa watu wake.

Kuonekana kwake kwa mara ya kwanza kulikuwa katika toleo la tatu na la mwisho la maadhimisho hayo, The Giggle, tarehe 9 Desemba 2023, siku ambayo sisi tulikuwa tukiadhimisha miaka 62 ya Uhuru. Mimi nililiona mwaka huu tu. Kijana mmoja wa VIWAWA, aliyerudi likizo kutoka masomoni Uingereza, alileta kompyuta yake kwenye ukumbi wa parokia baada ya usafi wa Jumamosi, na mimi nikavuta kiti. Kwa kuwa wenzake hawakufuata Kiingereza chote, alianza kutafsiri kwa sauti kubwa juu ya wazungumzaji, kwa mtindo wa akina Lufufu na DJ Mack waliotia Kiswahili katika filamu za kigeni. Aliongeza na ya kwake. Alimfanya shangazi mmoja wa Kiingereza azungumze kama mama muuza ndizi wa Buguruni, na nakiri tulicheka kupita kiasi.

Kisha hadithi ikatunyamazisha. Inaanza London mwaka 1925, ikimhusisha John Logie Baird, mmoja wa waanzilishi wa televisheni, ambaye kweli alitumia kichwa cha mdoli kiitwacho Stooky Bill kupata picha zake za kwanza. Katika hadithi, adui wa Daktari, Mtengeneza Vitu vya Kuchezea, anaficha kicheko ndani ya picha hiyo ya kwanza. Kicheko kinajirudia katika kila kioo tangu siku hiyo, kwa miaka 98, mpaka watu wote wa dunia wanapounganishwa na mitambo ya angani. Hapo kinafanya kazi yake. Hakiui mtu. Kinamfanya kila mmoja asadiki kwamba yeye ndiye mwenye haki, naye hawezi kukosea. Basi wenye magari hawapishani tena, viongozi hawasikilizi tena, na jirani anamwona jirani kuwa kizuizi cha ukweli.

Sijui kama Russell T Davies, mwandishi wa toleo hilo, alikuwa akiifikiria Rwanda alipoandika. Mimi sikuweza kufikiria kingine. Redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza mjini Kigali mwezi Julai 1993, kwa muziki mzuri, utani na vicheko. Vijana waliipenda kwa sababu ilikuwa changamfu kuliko redio ya serikali. Kwa miezi kadhaa ikawafundisha wasikilizaji kwamba wao ni wenye haki na majirani zao ni mende. Aprili 1994 ikawa inasoma majina ya watu na mahali walipojificha. Katika siku mia moja waliuawa, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, zaidi ya watu 800,000, na kwa hesabu ya serikali ya Rwanda zaidi ya milioni moja, wengi mno wao Watutsi. Hukumu juu ya redio hiyo ilisomwa hapa kwetu: tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili wa waanzilishi wake, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Na sisi tulipata televisheni Bara mwaka uleule jirani zetu walipokuwa wakiuawa kwa msaada wa redio. Hatukuwa bora kuliko wao. Tulikuwa tu na watangazaji wengine.

Nirudi kwenye filamu. Daktari wa zamani, anayeigizwa na David Tennant, anapigwa kwa mwali wa adui na kuanza kugeuka. Tunangoja afe, mwingine ainuke. Rafiki zake wanamshika mikono huku na huku, wanavuta, na ghafla anatoka Gatwa ubavuni mwake, naye wa zamani hafi. Wamesimama wawili. Wakamshinda adui kwa mchezo wa kudaka mpira, jambo ambalo vijana waliliona la kitoto na mimi nililiona sawa kabisa. Lakini kilichofuata ndicho nilichotaka kukiandika. Mdogo anamkumbatia mkubwa, anamtajia mmoja mmoja aliowapoteza, na kumwambia kwa maneno ya upole kwamba amechoka, apumzike. Daktari wa zamani anabaki katika nyumba ya rafiki yake Donna, anakula mezani bustanini pamoja na familia, kwa mara ya kwanza bila safari. Yule mpya anaondoka na kibanda, mwepesi, kwa sababu mwenzake amekubali kubaki kuuguza majeraha.

Hakuna aliyerudishiwa wafu wake. Sayari haikufichwa mahali. Ndiyo tofauti ninayoiona kati ya toleo la miaka hamsini na hili la miaka sitini.

Mlangoni mwa ukumbi alikuwa amesimama mwanaparokia mmoja, aliyekuja kuniona juu ya mabenchi yanayotakiwa kupigwa misumari. Ameniruhusu kusimulia haya, mradi nisitaje jina lake wala mtaa wake. Mwanafunzi wetu aliposema, katikati ya tafsiri zake, kwamba huyu Daktari mpya ni mzaliwa wa Kigali, yule bwana aliingia, akaketi nyuma, akatazama hadi mwisho. Vijana walipokwisha kuondoka aliniuliza:

“Baba, wazazi wake wako hai?”

Nilimweleza ninachokijua: kwamba baba yake, Tharcisse Gatwa, ni mwandishi wa habari na mwanateolojia mwenye shahada ya udaktari, na kwamba ameandika kitabu juu ya makanisa na itikadi ya ukabila katika migogoro ya Rwanda kuanzia mwaka 1900 hadi 1994.

“Makanisa,” akasema. “Amesema nini juu ya makanisa?”

Wapendwa, swali kama hilo paroko halijibu kwa kutazama saa. Nilimwambia kwamba ubaguzi wa koo na rangi ulifundishwa katika shule zetu za misioni pia, na kwamba watu wengi waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Nilimtajia Nyange, ambako Aprili 1994 watu wasiopungua 1,500 walikuwa ndani ya kanisa lilipobomolewa juu yao kwa tingatinga, na padri wa hapo, Athanase Seromba, alihukumiwa Arusha mwaka 2006, na rufani ya mwaka 2008 ikampa kifungo cha maisha. Nilimtajia pia maaskofu wa Rwanda walioomba msamaha Novemba 2016 kwa ajili ya Wakristo walioshiriki, na Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye tarehe 20 Machi 2017, mbele ya Rais Kagame, alimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za wana wake, wakiwamo mapadri na watawa. Wako pia mapadri na masista waliokufa wakiwakinga watu, lakini hao sikuwataja jioni ile. Aliyeuliza habari za kidonda haridhiki akionyeshwa mkono mzima.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akaniambia kwamba yeye alivuka Rusumo akiwa na miaka saba, mgongoni mwa kaka yake kwa sehemu ya njia, kwa kuwa mguu ulikuwa umevimba. Nilikuwa nimemfahamu miaka tisa, na siku zote nilidhani ni mtu wa Ngara.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu. Dunia ilikuwa haijapata kuona wakimbizi wengi hivyo kwa muda mfupi hivyo. Walijenga mji wa maturubai pale Benaco. Wengi wao walikuwa Wahutu, na ndani yao walikuwamo wauaji pamoja na watoto wasio na hatia yoyote, wote wakipanga foleni moja ya maji. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti kuzipeleka Ziwa Victoria. Ziliopolewa kwa maelfu upande wa Uganda, na makaburi yake yapo hadi leo Kasensero, Lambu na Ggolo. Mwanaparokia wangu hakusema yeye ni kabila gani, wala mimi sikumuuliza. Alisema kaka yake alimwambia asitazame majini, naye akatazama.

Ukarimu wetu wa miaka ile ulikuwa wa kweli. Mwaka 1980, wakati wa Mwalimu, tulikuwa tumekwisha kuwafungulia uraia maelfu ya wakimbizi wa Kinyarwanda wa awali. Lakini Desemba 1996 serikali iliamuru wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Na mwaka 2013, ule wa miaka hamsini ya Daktari, ilikuja Operesheni Kimbunga kule Kagera na mikoa jirani, iliyowaondoa maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, baadhi yao wakiwa wameishi nchini miongo kadhaa, wameoa na kuolewa hapa. Serikali ina haki ya kulinda mipaka, na ujambazi uliokuwako kule haukuwa hadithi ya kubuni. Lakini nadhani tunaelewa kwa nini mtu anaweza kukaa Vingunguti miaka tisa, akaimba kwaya, akachangia ujenzi, na kusema yeye ni wa Ngara.

Gatwa alimaliza zamu yake tarehe 31 Mei 2025. Alikuwa na misimu miwili tu, na wengi walisema ni michache. Kipindi chake kamili cha kwanza, cha Noeli ya mwaka 2023, kilianza na mtoto mchanga aliyeachwa mlangoni pa kanisa usiku wa Mkesha. Yule mwanafunzi ameahidi kutuletea hicho kabla ya likizo kwisha, na safari hii tutapanga viti mapema, kwa kuwa akina mama wa WAWATA wamesikia na wanataka kuja.

Mabenchi yamepigwa misumari. Fundi wetu aliikamilisha kazi kwa siku mbili, hakutaka malipo ila nauli. Alipokuwa akikusanya vifaa vyake aliniuliza tena habari za yule Daktari wa zamani, yule aliyebaki mezani: je, baadaye alizoea kukaa, au siku moja aliondoka? Nilimwambia kwamba hadithi haikurudi tena nyumbani kwake kutuonyesha. Akafikiri kidogo, nyundo mkononi.

“Mimi naona alizoea,” akasema. “Ila usiku alikuwa anaamka.”